Vita vya Hodhini na Kifundo cha Mguu cha Mama Mkwe

Sogezeni viti, enyi mlio na masikio, na mliokuja na usingizi uacheni nje ya mlango, kwa maana leo hatusimulii habari za mtu aliyeua simba, wala za mfalme aliyetwaa miji kabla ya kifungua kinywa. Hizo wengine wameshazimaliza. Leo tunasimulia jambo lililo kubwa kuliko hayo: jinsi Bwana Kuta, mwana wa mwashi, mlinzi wa mawe yasiyoomba ulinzi, mwenye sauti ya kubandua chokaa ukutani, alivyosimama mbele ya jeshi lenye mabawa akiwa amevaa soksi zisizofanana, na akaifikisha hadithi yake mwisho. Mwenye kucheka acheke sasa. Huko mbele mdomo atauhitaji kwa kushangaa.

Jina lake la kuzaliwa halituhusu, kwa kuwa hata mkewe alikuwa anakaribia kulisahau. Watu walimwita Bwana Kuta kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni katika mji wa kale uliobaki kuta tupu, na kwa sababu ukimwuliza njia ya kwenda sokoni alianza kwanza na habari za ukuta wa upande wa mashariki. Aliyapenda mawe yale. Aliyapenda kwa moyo wote, kama wengine wanavyopenda mpira, na hakuona haya kusema hivyo mbele za watu. Aliwaonyesha wageni lango, akawaonyesha vyumba visivyo na dari, akawaonyesha kaburi la mtu asiyejulikana ambaye yeye alimzungumzia kama jirani, na wageni walimfuata kwa raha wakiuliza maswali na kupiga picha. Kisha walifika kwenye Hodhi la Malkia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Hodhi lile lilikuwa tangi la mawe lililochimbwa ardhini, lenye ngazi za kushukia, limezungukwa na kivuli cha kuta mbili ndefu. Maji yake yalikauka zamani za kale, na chini palibaki mchanga mkavu uliofagiwa vizuri. Palikuwa na ubaridi wa kupendeza, na ndipo Bwana Kuta alipoiweka johari ya hadithi zake zote, hadithi ya Malkia na Ukame. Aliianza kwa sauti ya chini, akapanda nayo polepole, na kabla hajafika katikati mgeni wa kwanza alijipiga shavuni. Wa pili alijipiga shingoni. Wa tatu alisimama kwa mguu mmoja, akajikuna kwa kiatu cha mguu wa pili. Halafu wote kwa pamoja, bila kuaga, walielekea langoni kwa mwendo wa watu waliokumbuka kuwa wameacha jiko linawaka. Tangu aanze kazi ile, hakuna kundi hata moja lililowahi kuisikia hadithi ya Hodhi hadi mwisho.

Maana Hodhini palikuwa na jeshi. Walikuwa mbu wadogo weusi, wenye madoa meupe miguuni, askari wapiganao mchana kweupe. Jamaa zao wa usiku, wale waletao malaria, angalau humwimbia mtu sikioni kwanza, akajua ameingiliwa. Hawa wa Hodhini hawakuwa na adabu hiyo. Walikuja chini chini, kimya, wakapenda vifundo vya miguu na nyuma ya magoti, na waliouma walikuwa majike watupu, kwa kuwa mbu dume hunywa utamu wa maua na hana ugomvi na mtu. Si kila mmoja wao alibeba homa, lakini nani atamsimamisha mbu amwulize cheti? Mji ule ulishawaona watu waliolazwa kwa homa ya dengi, ile inayomfanya mtu avitambue viungo vyake kimoja kimoja kwa maumivu.

Bwana Kuta alikuwa amejaribu silaha za kila namna. Alifukiza moshi, wageni wakakohoa na mbu wakastarehe. Alikula vitunguu saumu juma zima, wageni wakamkimbia wakiwa bado langoni, na mbu wakabaki. Aliweka kwenye simu yake mlio uliosifiwa kuwa mbu hauvumilii, na mbu mmoja akatua juu ya simu yenyewe, akapumzika. Mwishowe akasadiki kwamba wale ni mbu wa kale, walioachwa na wahenga kulinda Hodhi, na mtu hagombani na wahenga. Imani hiyo ilimpa faraja, ijapokuwa haikumpa wasikilizaji.

Huenda angezeeka hivyo hivyo, mwenye hadithi isiyosikika ikaisha, kama si Mama Mkwe.

Mama Mkwe, Mpima kwa Jicho, Mkuu wa Sindano na Uzi, alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, na nusu ya watu wazima wa mji walisoma shule wakiwa ndani ya sare alizozishona yeye. Alikijua kiuno cha mtu kwa kumtazama tu akivuka barabara. Hakupenda kitu kisicho na pindo. Kwake nguo isiyopindwa haikuwa nguo, na kazi isiyoonekana mwisho wake haikuwa kazi. Tena alikuwa na kaka mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kaka huyo alikuwa anatafuta mtu wa kusimama nyuma ya kaunta. Jumapili moja baada ya chakula, Mama Mkwe alimwita mkwewe sebuleni, akaweka kikombe chini, akamtazama kwa upole ambao watu wa nyumba ile waliuogopa kuliko kelele.

"Baba," alisema, "nasikia huko kazini una hadithi ambayo hakuna mtu ameisikia ikaisha."

"Mama, hadithi ina mwisho," alijibu Bwana Kuta. "Wasikilizaji ndio wana mwanzo tu."

"Basi nitakuja Alhamisi nisikilize mwenyewe. Ikiisha, sitasema tena neno juu ya kazi yako. Isipoisha, Jumatatu nenda kwa mjomba wenu ukauze misumari. Msumari una kichwa, una ncha. Mtu anaona unapoanzia na unapoishia."

Bwana Kuta aliona sakafu inamkimbia. Kuuza misumari si aibu, na hakuna nyumba isiyoihitaji, lakini yeye alijiona nyuma ya kaunta ile akimweleza mteja habari za ukuta wa mashariki, na mteja anataka kilo moja ya misumari ya bati aende zake. Nani angeyasalimu mawe asubuhi? Nani angemkumbuka yule jirani wa kaburini? Aliogopa, wala hatuoni haya kusema kwamba aliogopa, kwa maana shujaa asiyeogopa ni mtu ambaye bado hajaelezwa vizuri.

Alfajiri ya Alhamisi ikapambazuka, na shujaa akavikwa silaha. Aliyemvika ni mkewe, Bibi wa Makabati ya Dawa, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa la mtaani. Mwanamke huyu alimpenda mumewe na alimheshimu mama yake, na kwa hiyo siku zote alisimama katikati, mahali ambapo risasi za pande zote mbili hupita. Alimvika shati jeupe la mikono mirefu. Alimvika suruali ndefu, akaziingiza ncha zake ndani ya soksi, na soksi zenyewe moja ilikuwa ya kijivu na nyingine ya buluu, kwa kuwa wenzao walikuwa wamepotea katika vita vya kufua. Kisha akaitwaa chupa ya dawa ya kufukuzia mbu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanena kwa sauti ile aliyoitumia kazini.

"Mafuta ya jua kwanza, yakauke, ndipo dawa hii juu yake. Usipake machoni wala mdomoni, wala penye kidonda. Ukitoka jasho, soma chupa uone lini unarudia. Umesikia, baba watoto?"

Bwana Kuta alisikia. Akajipaka viganja upande wa nje, akajipaka shingo, akajipaka nyuma ya masikio. Utosini hakupaka, kwa kuwa kichwani alikuwa na kofia, na chini ya kofia palikuwa na upara ambao hakupenda kuuzungumzia. Uwekeni akilini upara huo, maana utarudi. Mkewe akatia mkobani chupa kadhaa kwa ajili ya wageni, na juu yake akaweka jozi ya soksi mpya za rangi ya kahawia.

"Hizi za nini?" aliuliza shujaa.

"Namjua mama yangu," alijibu mkewe, akafunga zipu.

Langoni siku ile walikuwapo maharusi wawili waliovaa kaptura zinazofanana, na bwana mmoja mpiga picha mwenye kamera mbili shingoni. Bwana Kuta alipanda juu ya jiwe alilolizoea, akaufungua mdomo wake wa shaba.

"Enyi wageni watukufu, mlioyaacha makochi yenu mkaja kuyaamkia mawe haya. Kwa kawaida hapa langoni huwapa watu ramani. Leo nawapa chupa. Ramani humwonyesha mtu aendako, chupa hii itawawezesha kukaa mtakapofika. Jipakeni palipo wazi, msimwachie adui hata kichochoro."

Wageni walitazamana, kisha wakajipaka. Bibi harusi alimpaka bwana harusi nyuma ya magoti, tendo ambalo wote waliliona kuwa la mahaba, na mpiga picha akalipiga picha bila kuombwa.

Ndipo akatokea Mama Mkwe. Alikuja na mwavuli, akaja na mkoba, akaja katika gauni refu la mikono mirefu alilolishona mwenyewe, kila pindo limenyooka kama neno la hakimu. Bwana Kuta alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Aliichukua chupa, akaisoma yote mpaka jina la mtengenezaji, akajipaka mikono na shingo barabara. Jeshi lolote lingemtazama likarudi nyumbani. Lakini macho ya shujaa yalishuka, yakafika chini ya gauni, na yakaona kilichomfanya ashikilie jiwe. Mama Mkwe alikuwa amevaa ndara. Kati ya pindo na ndara, vifundo viwili vya miguu vilikuwa nje, havina dawa wala mlinzi, kwa sababu kuinama mbele ya watu hakukuwa mazoea ya bibi yule, na mbele ya mkwe ndiyo kabisa.

Sasa, mnayajua mambo ya ukweni jinsi yalivyo. Mtu anaweza kumjengea mama mkwe nyumba, anaweza kumwuguza, anaweza kumbebea gunia kutoka sokoni akiimba. Ila hawezi kumwambia, "Mama, miguu yako." Sentensi hiyo haina mahali pa kuishia salama. Na asipomwambia, mbu atasema kwa niaba yake. Mama Mkwe atainuka katikati ya hadithi, na misumari itakuwa inangoja. Tena lilikuwapo jambo zito kuliko misumari: je, akiugua? Bwana Kuta alimwogopa mama huyu, lakini pia alimpenda kwa siri, tangu siku ya harusi yake, alipogundua kwamba suti aliyoshonewa na mama huyu ilikuwa imetiwa sponji mabegani ili aonekane na kifua, na fundi hakumwambia mtu yeyote.

Akajaribu kupita kwa mbali. Walipokuwa katika vyumba visivyo na dari alisema kwa sauti kubwa kwamba katika vita adui hodari hushambulia kwanza mabondeni. Mama Mkwe aliuliza kama hapo kuna mabonde. Akajibiwa kwamba hakuna. Akasema basi waendelee. Walipofika kaburini Bwana Kuta alijaribu tena, akanena kwamba wahenga hawakukosea waliposema mdharau mwiba mguu huota tende. Mama Mkwe aliafiki kwa kichwa, akamgeukia bwana harusi mwenye kaptura, akamwambia, "Kijana, sikia unachoambiwa." Bwana harusi akaomba radhi bila kujua kosa lake.

Hatimaye wakafika kichwani mwa ngazi za Hodhi. Pale chini kivulini, Bwana Kuta alimwona jemadari wa jeshi lile, jike lenye madoa, akiruka chini chini usawa wa kifundo cha mguu, akipima. Muda ulikuwa umekwisha. Na katika shida ile, enyi wasikilizaji, akili ya shujaa ilizaa uongo mzuri kuliko wote iliowahi kuzaa.

"Simameni," alinguruma. "Kwa mujibu wa kanuni za mahali hapa, mgeni mkuu wa siku hashuki ngazi hizi ila amevikwa vazi la heshima." Akafungua mkoba, akazitoa zile soksi za kahawia, akazilaza juu ya viganja vyake viwili, akamsogezea Mama Mkwe huku ametazama pembeni. "Na wakati mgeni mkuu anajivika, sisi wengine wote huugeukia ukuta na kuitafakari chokaa."

Wote wakaugeukia ukuta. Bwana Kuta aligeuka wa kwanza kabisa, akaitafakari chokaa kwa bidii hata akagundua ufa ambao hakuwahi kuuona katika kazi yake yote. Nyuma yao ulisikika mwavuli ukiegemezwa. Ikasikika pumzi ndefu, kisha nyingine, kisha neno moja la chinichini ambalo si la kuandikwa katika habari za mashujaa. Bibi harusi alibanwa na kicheko, mumewe akamshika mkono.

"Tayari," ilisema sauti.

Waligeuka. Mama Mkwe alikuwa amesimama wima, mkoba begani, soksi zimepanda zikapotelea ndani ya gauni. Akamtazama mkwewe kwa lile jicho la kupimia viuno.

"Malkia alivaa soksi?" aliuliza.

"Historia haijakataa, mama."

Akashuka ngazi, na wengine wakamfuata.

Pembeni mwa ngazi ya mwisho palikuwa na chungu kipana cha udongo, kimejaa maji, na juu yake yameelea maua. Chungu hicho alikiweka Bwana Kuta mwenyewe, kwa heshima ya Malkia, na kila asubuhi alikiongezea maji kwa kata. Kukimwaga hakukimwaga kamwe. Alikuwa amerithi kazi kutoka kwa mwongozaji wa zamani, na pamoja na kazi alirithi hadithi, na katika hadithi Malkia ameamuru, "Tone lisimwagwe." Basi waongozaji wa pale wakaifanya kuwa sheria, wakaiheshimu mmoja baada ya mwingine. Bwana Kuta aligusa kofia yake kukisalimu chungu, kama ilivyokuwa kawaida yake, kisha akakohoa, na vita vikaanza.

Alisimulia jinsi mawingu yalivyousahau mji ule, visima vikatoa vumbi, na mbuzi wakalamba kuta. Alisimulia jinsi Malkia alivyosimama kwenye ngazi hizi hizi akawaambia watu, tone lisimwagwe. Na watu wakatii. Wakaweka maji katika mitungi, wakaweka katika vyungu, wakaweka katika vigae na vifuu na beseni la kumwogeshea mtoto, kila nyumba ikawa na maji ya akiba yamekaa kila pembe. Sauti ilipanda. Jeshi la madoa lilizunguka huku na huku, likapiga hodi kwenye shingo likakuta dawa, likapiga hodi kwenye kifundo cha mguu likakuta soksi ya kahawia. Hakuna aliyejipiga shavu. Hakuna aliyesimama kwa mguu mmoja. Bwana Kuta alitazama na kuona kwamba wamepita katikati ya hadithi na wote bado wapo, na sasa alikuwa anaingia katika nchi ambayo ulimi wake haukuwahi kuikanyaga mbele za watu.

Na katika nchi hiyo kulikuwa na mtego. Mwongozaji wa zamani alimfundisha kwamba Malkia alipoingiwa na huzuni alilivua taji, na msimulizi naye anapofika hapo huvua kofia. Bwana Kuta hakuwahi kufika hapo. Mkono ulikumbuka kabla ya akili. Kofia ikavuliwa, na upara ukang'aa kivulini, mkavu, usio na dawa, mpana wa kutosha jeshi zima kutua.

Jemadari aliuona.

Alitua katikati. Shujaa alihisi miguu ya mbu, kisha akahisi sindano. Mkono wake wa kuume ulitaka kupanda, naye akauzuia kwa mkono wa kushoto, kwa maana alijua sheria ya mahali pale: kofi moja tu, na kila mtu ataikumbuka ngozi yake mwenyewe, na baada ya hapo ni langoni. Akavumilia. Machozi yakamlenga, sauti ikapanda juu kuliko ilivyopangwa, na mpiga picha akadhani ndiyo sanaa yenyewe. Lakini sindano ilizidi kuzama, na mawazo yote ya Bwana Kuta yakakusanyika utosini, yakayaacha maneno bila msimamizi.

"Malkia akasema," alinena. Akameza mate. "Malkia akasema..."

Bwana harusi akajikuna, ingawa hakuumwa. Bibi harusi akatazama ngazi. Katika masikio ya shujaa misumari ya bati ikaanza kumwagwa kwenye mizani.

Ndipo Mama Mkwe alipoinuka pale ngazini alipokuwa ameketi. Akaweka mwavuli chini, akamwendea mkwewe, akainua kiganja kile kilichowahi kunyoosha sare za nusu ya mji, na mbele ya wageni na mawe na wahenga wote, akampiga mkwewe kofi la utosi. Mlio wake uliuzunguka Hodhi ukarudi. Tangu ukwe uwepo duniani jambo hilo halikuwa limeonekana, na Bwana Kuta alisimama mdomo wazi, hajui aombe radhi au ashukuru. Mama Mkwe alikitazama kiganja chake, akakiridhia, akakifuta kwa leso.

"Endelea, baba," alisema. "Alisemaje?"

Enyi mliokaa hapa, mmelisikia neno hilo? Wageni walikuwa wamemwuliza Bwana Kuta choo kiko wapi, walikuwa wamemwuliza watafunga saa ngapi, ila hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Malkia alisemaje. Maneno yakarudi yote, yamejipanga.

Akasimulia kwamba homa iliingia mjini. Watu walilala majumbani wakishika viungo vyao, wakasema ni hasira za wahenga, na mtu hagombani na wahenga. Lakini Malkia hakusadiki. Alitembea nyumba hadi nyumba, kichwa wazi, akainamia kila mtungi na kila kigae, na ndani ya maji yale yaliyokaa aliona vitu vidogo vikipanda na kushuka. Akarudi Hodhini, akawaita wote.

"'Nilisema tone lisimwagwe,'" alinena Bwana Kuta, na sasa hakunguruma tena, "'na nilikosea. Maji ya kunywa yafunikeni. Yaliyokaa bure yamwageni, na chombo mkipindue. Afadhali mimi nilimeze neno langu kuliko ninyi kuugua kwa ajili yake.' Na hapo ndipo hadithi ilipoishia."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama. Uso wa shujaa ulikuwa umebadilika. Maneno yale alikuwa ameyabeba kichwani kwa miaka kama mtu anayebeba kifurushi cha mwenzake, hajakifungua. Leo ndiyo mara ya kwanza masikio yake kuyasikia. Macho yake yakaenda polepole, yakipenda na yasipende, mpaka kwenye chungu cha maua. Kati ya maua, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza, vinene, vimeshiba, watoto wa nyumba isiyo na njaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Adui aliyepigana naye kwa moshi na kwa vitunguu saumu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mlezi wake, na kila asubuhi alimwongezea maji na kumvulia kofia.

Mama Mkwe alikuwa ameyafuata macho yake. Akauliza chungu hicho nani hukitia maji. Wahenga walikuwapo tayari, kama kawaida, kubebeshwa lawama, na Bwana Kuta aliwapita.

"Mimi, mama. Kila asubuhi."

"Na nani anakimwaga?"

"Hakuna. Tone lisimwagwe."

"Kumbe mmekuwa mkivaa nguo isiyopindwa," alisema Mama Mkwe.

Basi tazameni sasa, enyi vizazi, maana tendo lenyewe ni hili. Bwana Kuta aliweka kofia chini. Akapanua miguu, ya kijivu na ya buluu. Akakishika chungu kwa mikono miwili, akakipandisha ngazi mpaka palipo na jua, mgongo ukamlia kama mlango wa ghala, akakiinamisha, na jeshi zima la kesho na keshokutwa likamwagika mchangani, likajipinda mara mbili tatu, likatulia. Akakipindua. Kitako kikatazama mbingu. Akasimama kando yake, mikono kiunoni, akihema, na katika uso wake palikuwa na aibu na palikuwa na ushindi, na havikugombana.

Kusema kweli, majemadari waliokwisha kuota mabawa walikuwa bado wapo Hodhini, na wangekuwapo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo chupa iliendelea kugawiwa langoni, na soksi ziliendelea kupandishwa juu ya suruali. Lakini hawakuwa tena na maji ya kuzalia wengine nyuma yao.

Mama Mkwe alizipanda ngazi, akakikagua chungu kilichopinduliwa, akakipangusa kwa leso, akakikalia. Akapanga gauni, akanyoosha mbele miguu yake miwili ya kahawia, kana kwamba amezaliwa nayo.

"Mjomba wenu atafute mtu mwingine wa kuuza misumari yake," alisema.

Bwana Kuta alitaka kutoa hotuba ya shukrani, na mwanzo wake alishaupata, uliohusu jua na jinsi linavyochomoza. Mama Mkwe alimzuia kwa kidole.

"Anza tena toka mwanzo, baba. Mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza nikingoja ikatike."

Maharusi wakakaa chini. Mpiga picha akaifunika kamera yake. Bwana Kuta akaiokota kofia, akaivaa ili apate kuivua mahali pake, na uvimbe wa utosini ukamwasha chini ya kitambaa, naye hakuukuna. Falme nyingi zimeinuka na kuanguka bila mtu kuomba zirudie. Bwana Kuta siku ile aliombwa arudie, na aliyemwomba ni mama mkwe wake.